"Samahani, sisi si madaktari": mkutubi afanye nini msomaji anapoleta karatasi ya vipimo?

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Nimefanya kazi katika maktaba ya umma kwa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa kwenye dawati la maulizo, na ipo sentensi moja niliyoitamka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri: "Samahani, sisi si madaktari." Sentensi hiyo ni ya kweli. Hata hivyo nimefika mahali pa kuamini kwamba tumeigeuza kichaka cha kujifichia, kwa kuwa inatupa ruhusa ya kuiacha kazi iliyo yetu kwa kisingizio cha kazi isiyo yetu.

Nianze na kisa kilichonisukuma kuandika. Mzee mmoja aliingia asubuhi, akasogelea dawati, akachomoa mfukoni karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. Mstari huo uliandikwa HbA1c, na mbele yake 8.1%. Akauliza, "Mwanangu, hii ni mbaya?" Mwenzangu aliyekuwa zamu akamjibu kwa adabu kabisa kwamba sisi si madaktari na kwamba arudi alikopimwa. Mzee akaikunja karatasi kwa mikunjo ile ile, akashukuru, akatoka. Mimi nilikuwa meza ya pili nikipanga kadi za wanachama. Nilisikia kila neno, na sikuinuka.

Kwa mujibu wa kanuni hakuna aliyekosea. Lakini kompyuta iliyokuwa hatua tatu kutoka pale ingeweza kumwonyesha mzee huyo kwamba kipimo hicho hueleza wastani wa sukari katika damu kwa takriban miezi 2 hadi 3 iliyopita, kwamba 6.5% na kuendelea ndicho kiwango kinachotumika kutambua kisukari. Na kwamba mtu ambaye tayari yuko kwenye matibabu huwekewa lengo lake na daktari, ambalo kwa watu wazima wengi ni chini ya 7%, ingawa huweza kulegezwa kwa mwenye umri mkubwa au mwenye maradhi mengine. Mkutubi hakuhitaji kusema "mbaya" wala "nzuri". Angefungua ukurasa, angegeuza kioo cha kompyuta kimwelekee mzee, angemsomea iwapo macho hayakumsaidia, kisha angempa kalamu na kipande cha karatasi aandike maswali ya kwenda nayo kwa daktari.

Mpaka wetu, kwa maoni yangu, uko hapo: tunatoa maelezo, hatutoi ushauri. Miongozo ya Chama cha Maktaba cha Marekani kuhusu maswali ya afya imejengwa juu ya msingi huo huo, yaani mhudumu humfikisha msomaji kwenye chanzo cha kuaminika bila kumtafsiria maana yake kwa mwili wake. Ndiyo maana nimejifunza kusoma maneno ya chanzo kama yalivyo, kwa sauti ya chini, badala ya kuyafupisha kwa maneno yangu. Ufupisho wangu ni tafsiri, na tafsiri ya karatasi ya mgonjwa ndiyo hasa nisiyoruhusiwa. Kipimo cha dawa sikitaji kabisa, hata kama kimeandikwa kwenye pakiti aliyoishika mwenyewe. Namwonyesha mahali kilipoandikwa.

Jambo lingine ni swali lenyewe, kwa kuwa swali la afya ni nadra kufika dawatini likiwa zima. Msomaji huuliza vitabu vya mapishi viko wapi, kumbe anachotafuta ni chakula kinachomfaa mtu ambaye figo zake zimechoka. Nasi tukimwelekeza tu kwenye rafu, tumemwacha njiani, maana mpangilio wa Dewey, yaani namba zinazopanga vitabu rafuni kwa mada, humtawanya mgonjwa mmoja katika jengo zima: kisukari kama ugonjwa kiko 616.462, lishe iko 613.2, mapishi 641.5, dawa 615, uzazi na magonjwa ya watoto 618, malezi 649, na huduma za jamii kwa wagonjwa 362. Mimi humuuliza mtu, "Ungependa kujua nini hasa kuhusu figo?" kisha nikanyamaza. Sikuulizi kama mgonjwa ni wewe au ni mwenzako. Ukitaka kunieleza utanieleza, na mara nyingi watu hueleza, lakini wakiwa wamechagua wenyewe.

Sasa nije kwenye rafu, na hapa nitakuwa mkali. Kitabu cha historia cha miaka 40 kinaweza kuwa hazina. Kitabu cha tiba cha umri huo kinaweza kuua, na hapo sitii chumvi. Kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1950, vitabu vya malezi vilivyosomwa sana katika nchi za Magharibi viliwashauri wazazi wawalaze watoto wachanga kifudifudi. Mwaka 1992 Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri waache kulazwa hivyo, kampeni ya kitaifa ya kuwalaza chali ikaanza 1994, na katika muda wa takriban miaka 10 vifo vya ghafla vya watoto wachanga nchini humo vikapungua kwa karibu nusu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba, kama ushahidi uliokuwapo tangu 1970 ungekusanywa na kufanyiwa kazi mapema, zaidi ya vifo 10,000 vingeepukwa nchini Uingereza peke yake. Sasa jiulizeni ni rafu ngapi bado zina toleo la zamani la kitabu cha aina hiyo, lenye jalada imara na picha nzuri ya mtoto amelala kifudifudi, lililotolewa kwa hisani ya familia iliyokuwa inahama nyumba.

Wakutubi wengi hupitia vitabu vya afya kila baada ya miaka 3 hadi 5. Katika kupitia kwangu, mwaka wa kuchapishwa naupa uzito kuliko hali ya kitabu, na tunapokosa mbadala naiacha rafu ikiwa tupu. Wenzangu hawakulipenda hilo. Rafu tupu inaonekana kama aibu ya maktaba, na kitabu kibovu kinaonekana kama utajiri wake.

Naomba maoni, hasa kutoka kwa watu wa afya.

Mchangiaji wa 2 (muuguzi)

Ndugu mleta uzi, nimekuelewa, lakini ruhusu nikupinge kidogo, kwa kuwa huyo msomaji wako akitoka kwako anakuja kwangu.

Shida yetu wodini mara nyingi huwa ni mgonjwa aliyesoma sentensi moja na kuamua. Takwimu ndizo hatari kuliko zote. Watu wa fani yetu wanalikumbuka tukio la Uingereza la Oktoba 1995, wakati kamati ya usalama wa dawa ilipotahadharisha kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vya kizazi cha tatu, yaani aina mpya za wakati huo, vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Maradufu! Wanawake wengi wakaviacha siku hiyo hiyo. Kumbe hatari ilikuwa imepanda kutoka takriban mwanamke 1 katika kila 7,000 hadi wanawake 2 katika kila 7,000, na ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Mwaka uliofuata ilikadiriwa kwamba utoaji mimba uliongezeka kwa takriban 13,000 huko England na Wales. Taarifa haikuwa ya uongo, na ilitoka katika chanzo rasmi. Je, mkutubi angelifanya nini hapo zaidi ya kugeuza kioo?

Mleta uzi

Dada muuguzi, nashukuru kwa mfano huo, maana unanilazimisha kukiri kwamba kugeuza kioo hakutoshi kila mara. (Nimekuita dada kwa kubahatisha, kama ni kaka, niwie radhi.)

Hapo mkutubi ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuuliza kwa sauti swali ambalo mwandishi wa habari hakuuliza: maradufu ya ngapi? Swali hilo ni la kusoma, na halihitaji shahada ya udaktari. Mkutubi aliyezoea kumwambia mwanafunzi wa sekondari atafute kiasi cha msingi kabla ya kushangilia asilimia anaweza kumwambia mama mwenye vidonge jambo lile lile, na kutoka "maradufu" hadi "2 katika 7,000" ni safari ya dakika chache tu kwa anayejua pa kutafuta. Ya pili ni kusema waziwazi kwamba ukurasa huu haumwambii mtu aache dawa, na kwamba uamuzi wa kuacha ni wa kuzungumza na aliyemwandikia. Sentensi hiyo naitamka kila mara panapotajwa dawa, hata kama msomaji amechoka kuisikia.

Kuna chombo kinachonisaidia, kinaitwa DISCERN, kilichotengenezwa Oxford na kuchapishwa 1999. Ni orodha ya maswali 16 ya kupimia maandishi yanayoeleza chaguo za matibabu. Sitayapanga yote hapa. Ninalolipenda kuliko yote huuliza kama maandishi yanaeleza kitakachotokea iwapo mtu hatatumia tiba yoyote. Kijaribuni kigezo hicho kwenye tangazo lolote la dawa ya miujiza, mtaona linavyokosa jibu, kwa kuwa muuzaji hana faida yoyote katika kueleza kwamba mafua huisha yenyewe.

Mchangiaji wa 3

Mimi si mkutubi wala mtu wa afya, ni msomaji tu, na naona mmesahau jambo ambalo sisi wasomaji hatulisahau hata siku moja. Ni aibu.

Nilipokuwa kijana, vitabu vya maktaba yetu vilikuwa na kadi ndani ya kifuko nyuma ya jalada, na kila aliyeazima aliandikwa jina lake na tarehe. Nilitaka kitabu kuhusu magonjwa ya zinaa. Nikaichomoa kadi na kukuta majina manne, mawili nayafahamu. Nikarudisha kitabu rafuni. Sikuogopa kujua habari zao. Niliogopa kuwa wa tano. Nilikisoma kitabu chote nikiwa nimesimama, kwa siku tatu, nikikificha ndani ya atlasi kubwa.

Siku hizi kadi hizo zimetoweka, lakini mashine ya kuchapa ipo. Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua kurasa zangu na juu yake nikakuta kurasa za mtu mwingine, zimeandikwa juu kabisa kwa herufi nene "Kuishi na VVU". Mwenyewe alikuwa amesimama hatua mbili, anasubiri niondoke.

Mleta uzi

Nimesoma maneno yako mara mbili, na hilo la atlasi nalijua kwa upande wa pili. Kwa miaka mingi tulikuwa tunakuta vitabu vya afya ya uzazi vimechomekwa katikati ya vitabu vya ramani na vya uhandisi, tukidhani ni utundu wa watoto. Vingine havikurudi kabisa. Rafu ya afya ya uzazi na ile ya afya ya akili ndizo zilizokuwa zinapoteza vitabu vingi kwetu, na nimeacha kuuita wizi kwa moyo mweupe.

Tulichokifanya ni vitu vidogo. Tumeweka vipeperushi vya mada nyeti mahali ambapo mtu huvichukua bila kupita mbele ya dawati. Kompyuta za umma hufuta kumbukumbu zote msomaji anapomaliza. Mashine ya kuchapa haitoi kurasa mpaka mwenyewe asimame mbele yake na kuingiza namba yake. Rekodi ya kitabu kilichoazimwa huondolewa kwenye jina la msomaji mara kinaporudishwa. Nasi wahudumu tumeacha kutamka mada kwa sauti. Msomaji akiuliza kwa kunong'ona, naye hujibiwa kwa kunong'ona. Hilo la mwisho halikugharimu kitu na ndilo lililochukua muda mrefu kuzoeleka.

Mchangiaji wa 4

Wakuu, tuwe wa kweli. Simu iko mfukoni, na programu za akili unde zinajibu swali lolote la afya kwa sekunde, kwa lugha yoyote, saa nane ya usiku, bila aibu wala mtu wa kunong'ona naye. Maktaba inashindana na nini hapo? Na kwa upande mwingine, mleta uzi anapoanza kuchambua kitabu kipi kikae na kipi kiondoke, hajageuka hakimu? Maktaba ya umma iweke pande zote, msomaji aamue.

Mleta uzi

Mkuu, umeuliza mawili, nami nitaanza na la pili kwa kuwa ndilo gumu.

Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake, iliyohusu watoto 12, ambayo ilizua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella inasababisha usonji. Jarida liliifuta makala hiyo Februari 2010, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa kwenye rejista ya madaktari wa Uingereza. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano huo. Sasa ukiniambia niweke kitabu kinachoitetea hofu ile ubavuni mwa mwongozo wa chanjo, kwa jina la pande mbili, nitakuuliza pande mbili za nini. Msomaji anayetaka kujua mabishano yale yalikwendaje nitamtafutia hata makala yenyewe iliyofutwa, kwa sababu ana haki ya kuisoma. Lakini mzazi anayeuliza kuhusu chanjo ya mtoto kesho asubuhi hakuuliza historia ya mabishano. Kukipa kitabu hicho nafasi katika onyesho la afya ya mtoto ni kukiazima heshima ya maktaba, na heshima hiyo si yangu kuigawa.

Kuhusu simu, nakubali kwamba imetushinda kwa kasi na kwa usiri, na sidhani tunahitaji kushindana nayo. Lakini tukumbuke milango hiyo ilifunguliwa na nani. PubMed, hifadhidata ya makala za utafiti wa tiba, ilifunguliwa kwa umma bila malipo Juni 1997, na aliyeionyesha hadharani siku hiyo alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani, Al Gore. Iliandaliwa na maktaba, yaani Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo. Ilipodhihirika kwamba hata watu wasio wataalamu wanaingia humo na kukutana na lugha ya watafiti, maktaba hiyo hiyo ilianzisha MedlinePlus Oktoba 1998 kwa ajili ya mtu wa kawaida, nayo mpaka leo haina matangazo ya biashara na ina sehemu ya maelezo kwa Kiswahili. Wengi wenye simu mfukoni hawajawahi kuisikia, kwa kuwa kinachowatangulia kwenye matokeo ya utafutaji mara nyingi ni muuzaji.

Hata alama za ubora haziaminiki bila kuulizwa. Taasisi ya Health on the Net ya Geneva ilikuwa ikizipa tovuti za afya nembo ya kufuata kanuni zake tangu 1996; ilifunga shughuli zake Desemba 2022, kwa hiyo tovuti inayoendelea kuionyesha nembo hiyo inaonyesha picha tu. Programu ya akili unde, nayo, hunipa jibu laini lisilo na tarehe, na nikiiomba chanzo pengine hunitajia makala ambayo haipo. Nimeshawapokea wasomaji wawili waliokuja kuomba makala za namna hiyo. Tulitafuta kwa uvumilivu, na nadhani kule kutokuipata kuliwafunza zaidi ya hotuba yangu yoyote.

Mchangiaji wa 5 (mkutubi)

Ndugu mleta uzi, haya yote ni mazuri kwa maktaba yenye watu na fedha. Mimi niko peke yangu na msaidizi wa nusu siku, kompyuta mbili, na bajeti ya vitabu ambayo sitaitaja. Nianzie wapi? Na nimesikia kuna maktaba zinaazimisha vifaa vya kupimia presha. Ni busara?

Mleta uzi

Mwenzangu, anza kwa kuondoa, kwa sababu kuondoa ni bure. Chukua 610 hadi 619 na 649, toa kila kilichopita umri, na usivitie kwenye sanduku la kugawa, maana utakuwa umehamisha hatari kutoka rafuni kwako hadi mezani kwa mtu. Kisha weka tovuti chache ulizozisoma mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa kompyuta zote mbili. Halafu nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, uongee na mhudumu mmoja tu anayekubali kukuambia ni maswali gani wagonjwa hurudia kila wiki. Huko Cardiff, Wales, mwanasaikolojia Neil Frude alianzisha utaratibu wa madaktari kumwandikia mgonjwa kitabu cha kujisaidia kama wanavyomwandikia dawa, naye akakichukua maktaba. Kuanzia 2013 England nayo ikawa na mpango wa namna hiyo kupitia maktaba zake za umma. Msingi wa utaratibu ule wa Cardiff ulikuwa orodha fupi ya vitabu vilivyochaguliwa kwa makini.

Vifaa vya presha, ndiyo, zipo maktaba zinazoviazimisha, na mimi naviunga mkono kwa masharti. Kifaa kiwe cha kufungwa mkononi juu ya kiwiko, si cha kifundo cha mkono, kiwe kimethibitishwa usahihi wake, na kiambatane na ukurasa mmoja unaoeleza kwamba mtu akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunjana, mkono usawa wa moyo. Msaidizi wako asimpime mtu. Kuna siku utaombwa, na aombaye atakuwa mzee unayempenda, nawe utajibu kwamba kifaa ni chake mpaka wiki ijayo na maelekezo ni haya hapa. Ukurasa huo pia uonyeshe, kwa herufi kubwa, ni vipimo na dalili zipi zinamtaka mtu aende hospitali mara moja bila kupitia kwako, na maneno hayo yaandikwe au yakaguliwe na yule mhudumu wa kituo cha afya.

Tangazo letu la dawatini tulilibadilisha. Zamani lilisema: "Wahudumu hawajibu maswali ya kitabibu." Sasa linasema: "Hatuwezi kukuambia unaumwa nini wala utumie dawa gani. Tunaweza kukutafutia maelezo ya kuaminika, kukusomea, na kukusaidia kuandika maswali ya kumpelekea daktari. Unachouliza hakitoki hapa."

Jambo la mwisho ni kiti. Kiweke upande wako wa meza badala ya ng'ambo, ili wewe na msomaji muone kioo kimoja, na mgongo wake uelekee foleni.